Fundi wa Kupasua Mayai

Kwenye tambarare za kusini mwa Moshi, kuelekea Kahe na Nyumba ya Mungu, mvua zikinyesha ndege mnana hufuma viota vingi kwenye mgunga mmoja. Huo ndio msimu wa kazi wa nyoka mmoja mwembamba wa rangi ya kahawia, mla mayai, ambaye wataalamu humwita Dasypeltis scabra. Hana sumu, na meno yake ni machache na madogo mno. Chakula chake ni mayai ya ndege tu. Viota vikiisha, huweza kufunga kwa miezi.

Kwanza hukagua. Hupitisha ulimi juu ya ganda taratibu, na yai viza huliacha. Likimridhisha, hulizuia kwa mkunjo wa mwili lisibingirike, ndipo aanze kupanua taya. Kichwa chake ni chembamba kama kidole, lakini nyoka mkubwa humeza hata yai la kuku. Hana pupa. Ngozi ya shingo hutanuka mpaka magamba yanaachana, na mikunjo laini ya ufizi hulishika ganda ili lisiteleze.

Ustadi wenyewe uko shingoni. Pingili za uti wa mgongo za hapo zina ncha zilizochomoza kwa ndani, hadi kwenye njia ya chakula. Yai likifika, nyoka hukaza misuli na kujipinda huku na huku. Ncha zinalikereza ganda hadi linapasuka. Ute na kiini hushuka tumboni, wala tone halimwagiki. Kisha hutapika ganda lililobanwa likawa refu na bapa, vigae vyake vikiwa bado vimeshikana kwa ile ngozi nyembamba ya ndani. Mimi ufundi wake naupimia hapo: hata makapi ameyakunja vizuri.

Akitishwa hujikunja, husugua magamba yake ya ubavuni mpaka asikike akifoka, hufunua kinywa cheusi na kurusha kichwa kana kwamba anauma. Kwa rangi na vitendo hufanana na nyoka wenye sumu wa jamii ya kifutu, na maadui wengi hurudi nyuma. Binadamu huchukua fimbo. Inaniuma sana kumwona amepondwa kando ya njia ya shambani. Anayemkuta karibu na banda la kuku na arudi hatua kadhaa, amwache apite. Hasara yake ni yai.