Kiendeshi kipi? Tahakiki ya istilahi za kitini kimoja cha modemu

Mezani petu kimefika kitini cha kurasa 14, kilichotayarishwa kwa matumizi ya chuo kimoja cha watumishi. Kusudi lake ni kumfundisha mwanagenzi namna ya kuitumia modemu ya USB katika kompyuta yenye Linux. Waandishi wake wametuomba tukipitie kabla hakijatolewa kwa mara ya pili. Tumeona yafaa maoni yetu yasomwe na watu wengi zaidi, kwa sababu makosa tuliyoyaona humo si ya chuo hicho peke yake. Tumeyakuta katika tafsiri nyingi za aina hii, na baadhi yake, hatuna budi kukiri, yametokana na orodha za istilahi ambazo sisi wenyewe tulizipitisha bila kuzijaribu.

Kwanza tukitendee kitini haki yake. Lugha yake ni nyepesi, sentensi zake ni fupi, na vitenzi vyake vimechaguliwa kwa busara: chomeka, chomoa, subiri, piga. Modemu imeachwa iwe modemu, kama watu wanavyoiita. Sehemu ya ndani ya Linux, ile aliyoanza kuiandika Linus Torvalds mwaka 1991, imeitwa kiini, na neno hilo latosha kabisa. Twajua pia kwamba siku hizi watu wengi hupata intaneti kwa simu ya mkononi. Hata hivyo zipo ofisi na shule zenye kompyuta za zamani, zilizowekewa Linux kwa kuwa haidai ada ya leseni, na modemu iliyonunuliwa miaka iliyopita bado imo katika droo ya meza. Mtumishi wa mahali kama hapo ndiye aliyeandikiwa kitini.

Tulimpa kitini hicho karani mmoja wa ofisi yetu ambaye hajapata kuitumia Linux, tukakaa pembeni bila kusema neno. Kurasa nne za mwanzo alizipita bila taabu. Katika ukurasa wa tano alikutana na maagizo haya: “Ikiwa kiendeshi hakionekani, hakikisha kwamba kiendeshi kimepakiwa, kisha ondoa kiendeshi.” Aliyasoma mara tatu. Akaichomoa modemu, akairudisha, akasoma tena, halafu akatugeukia akauliza: “Ndugu zangu, kiendeshi kipi?”

Swali hilo ndilo kiini cha tahakiki yetu, na ili msomaji auone uzito wake, yambidi ajue jambo moja juu ya modemu zenyewe. Modemu nyingi za USB za miaka ile, mathalani Huawei E173, zilitengenezwa kwa hila ndogo. Ukiichomeka katika kompyuta, haijitambulishi kuwa modemu. Hujifanya diski ya CD, na katika diski hiyo mna programu za Windows ambazo mnunuzi atazihitaji ili modemu ifanye kazi. Mtengenezaji aliona kwamba kwa njia hiyo hana haja ya kutia CD halisi ndani ya sanduku. Windows huziweka programu hizo, nazo huiamuru modemu iache kuwa diski na iwe modemu. Linux haina kazi na programu hizo, na isipopewa njia nyingine ya kuigeuza, itaendelea kuiona diski tu. Mwanagenzi atangoja intaneti kutoka kwa kitu ambacho kompyuta inakihesabu kuwa diski ya kusoma.

Dawa yake imo katika programu iitwayo usb_modeswitch, iliyoandikwa na Josua Dietze, ambayo huipelekea modemu ujumbe mfupi wa kuigeuza. Matoleo mengi ya Linux ya miaka ya karibuni huifanya kazi hiyo yenyewe. Katika kompyuta ya zamani, pengine programu hiyo haimo, na kuipata kwahitaji intaneti ile ile inayotafutwa. Hapo kitini kinashauri vizuri kwamba faili lake lichukuliwe kwa flashi kutoka kompyuta nyingine. Modemu ikisha kugeuka, kiini cha Linux huihudumia kwa programu nyingine ndogo, na ndipo huonekana njia kama /dev/ttyUSB0 ambayo kwayo namba *99# hupigwa.

Basi katika habari hii mna vitu viwili tofauti. Kuna diski ya kujifanya, ambayo haina budi kuondoka, na kuna programu ya kiini inayoihudumia modemu, ambayo haina budi kuwepo. Kazi yote ya mwanagenzi katika ukurasa wa tano ni kukiondoa kimoja na kukihakikisha kingine. Kitini kimeviita vyote viwili kiendeshi.

Si vigumu kuona kosa limeingiaje. Kiingereza huiita diski ya aina hiyo “drive” na programu ile “driver”, maneno yaliyotoka katika kitenzi kimoja. Mfasiri naye ameshika kitenzi cha kuendesha, akakitia kiambishi cha vyombo, akapata kiendeshi. Ametafsiri udugu wa maneno ya Kiingereza, jambo ambalo halimhusu msomaji wa Kiswahili hata kidogo. Karani wetu hakutaka kujua maneno hayo yalizaliwa wapi. Alitaka kujua akitoe kipi.

Zipo orodha zilizojaribu kuvitenga: kimoja kikaitwa kiendeshi na cha pili kiendeshaji. Sisi hatuoni kwamba jaribio hilo limefaulu. Atatokea mwenzetu wa kutukumbusha kwamba Kiswahili kimetenga msomi na msomaji kwa viishio hivyo hivyo, wala hakuna anayevichanganya. Ni kweli. Lakini maneno hayo yametengwa na vinywa vya wasemaji, na kila mtoto huyakuta yamekwisha kutengana. Kiendeshi na kiendeshaji yametengwa na kamati, kwa karatasi, na anayekutana nayo kwa mara ya kwanza ana modemu mkononi na mkuu wake anamngojea. Tena karani akisoma kiendeshi hana sababu ya kudhani kwamba ni diski: diski haiendeshi kitu. Watu huiita diski, au flashi, au CD, nao hawajakosea.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba diski iitwe diski, na neno kiendeshi liondolewe kabisa katika maana hiyo. Programu ya kiini iitwe programu endeshi, kwa maneno mawili, ili msomaji ajue papo hapo kwamba ni programu, kitu kisichoshikika wala kuchomolewa. Baadhi yetu ofisini walipendelea programu kalimani, kwa hoja kwamba kazi yake ni kukifahamisha kiini lugha ya chombo. Hoja hiyo ni nzuri kuliko yetu, lakini neno endeshi limekwisha kuzoeleka, nasi hatukutaka kulingʼoa bila sababu kubwa.

Kosa la pili ni la aina nyingine. Katika ukurasa wa saba mwanagenzi anaambiwa “apakie kiendeshi cha chaguo”. Tulihangaika sana na chaguo hilo, mpaka tulipoona amri iliyoandikwa chini yake: modprobe option. Hapo “option” si neno la kutafsiriwa. Ni jina la programu endeshi yenyewe, lililotokana na kampuni ya Ubelgiji ambayo kadi zake ndizo programu hiyo ilizoandikiwa kwanza. Kulitafsiri ni sawa na kumwita Shakespeare “Bwana Tikisa-Mkuki”. Ubaya wake ni kwamba neno chaguo humfanya mtu adhani anaweza kuiacha hatua hiyo akipenda, na karani wetu aliiacha.

Neno kituo limetumika mara mbili vile vile. Mara ya kwanza ni dirisha ambamo amri huandikwa: “Fungua kituo.” Mara ya pili ni jina ambalo mtandao wa simu hulitaka ili uipokee modemu: “Andika jina la kituo cha kufikia.” Karani aliandika jina la kituo cha basi kilicho karibu na ofisi, nasi hatuwezi kumlaumu, kwani maagizo yalimtaka afanye hivyo. Twapendekeza dirisha la amri kwa lile la kwanza. Kwa la pili twaona latosha kuandika “jina la lango la mtandao” na kuongeza kwamba jina hilo hupatikana kwa kampuni iliyokuuzia laini. Laini nayo, ambayo kila muuza vocha huijua, kitini kinaiita “moduli ya utambulisho wa mteja”, na mlango wa USB kinauita bandari. Hayo yarekebishwe bila mjadala.

Juu ya kitendo chenyewe cha modemu kuacha kuwa diski, kitini kinasema “kubadili modi”. Sisi twaona “kuigeuza modemu” latosha, kwa kuwa Waswahili hugeuza kitu kikawa kingine bila kuhitaji nomino ya kati. Lakini amri ya lsusb humwonyesha mwanagenzi namba mbili, moja ya kabla na nyingine ya baada: modemu nyingi za jamii ya E173 husomeka 12d1:1446 zikiwa bado diski, na 12d1:1436 zikisha kugeuka. Mwalimu atahitaji jina la kila moja ya hali hizo. Hali ya diski na hali ya modemu yanaeleweka, nasi tumeyaandika pembeni kwa penseli.

Maagizo ya ukurasa wa tano tumeyaandika upya hivi: “Andika lsusb katika dirisha la amri. Ukiona namba ya hali ya diski, modemu haijageuka. Igeuze kwa usb_modeswitch. Ukiona namba ya hali ya modemu lakini hakuna ttyUSB0, programu endeshi haijapakiwa. Ipakie kwa amri ya modprobe option.” Ni maneno mengi kuliko yale ya mwanzo. Tulimrudishia karani siku ya pili. Aliyafuata bila kutugeukia, modemu ikageuka, njia zikaonekana. Akaendelea peke yake hadi ukurasa wa 11, ambapo alisimama tena mbele ya neno itifaki. Hilo tumeliweka kwa toleo lijalo.