Nani Ameruhusiwa Kuhesabu?

Sisi vijana tunaoandika tumezoea kuhakiki riwaya na mashairi, sheria tunawaachia mawakili. Tunakosea. Sheria nayo ni matini: ina msemaji, ina wahusika, na ina watu iliowaziba midomo. Hebu tuisome Sheria ya Takwimu ya Tanzania ya mwaka 2015 kwa jicho hilo hilo.

Mhusika mkuu ni takwimu rasmi. Mwaka 2018 Bunge liliirekebisha sheria hiyo, ikawa kosa kutangaza takwimu zinazobatilisha, kupotosha au kuzitia doa zile rasmi. Adhabu: faini isiyopungua shilingi milioni 10, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote pamoja. Jamani! Mwanafunzi akihesabu madawati ya shule za mtaani kwao, akapata jibu tofauti na la wakubwa, ni mtafiti au mhalifu? Tazama neno “kubatilisha” lilivyokaa ubavuni mwa “kupotosha”. Mwongo na mwenye ushahidi wametiwa kapu moja.

Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake mwaka huo huo, na mwaka 2019 kosa hilo likaondolewa. Sawa, tushukuru. Lakini haki iliyorudishwa kwa marekebisho, si inaweza kuondoka tena kwa marekebisho? Wanataaluma wetu walitoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma tangu 1990, ila azimio si sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 33, inautaja uhuru huo waziwazi. Yetu, ibara ya 18, inataja uhuru wa maoni na wa kutafuta habari. Uhuru wa taaluma haumo kwa jina.

Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inampa haki “kila mtu”, halafu mbele kidogo inafafanua kwamba mtu ni raia. Ofisi nayo imepewa hadi siku 30 kujibu. Kwa mwandishi wa gazeti la kila siku, habari ya mwezi uliopita imeshafungiwa maandazi!

Basi tusiishie kulalamika kwamba hatuandiki mambo mazito. Anayetaka kuandika riwaya ya kweli kuhusu mji huu atahitaji majalada na hesabu zake. Aanze kwa kusoma sheria zinazoyafunga, neno kwa neno.