Fundi Mmoja na Gogo la Mwembe

Siku ya kuangusha mwembe na siku ya kuushusha mtumbwi majini, kijiji cha Golbanti, kando ya Mto Tana nchini Kenya, hakikosi watu wa kusaidia. Kazi yenyewe iko kati ya siku hizo mbili, na hapo fundi hubaki peke yake na shoka, tezo, uzi, na gogo ambalo watu wanne hawalibebi. Nguvu zake nazisifu, lakini ninachopenda kukitazama zaidi ni jinsi anavyojipatia mikono asiyokuwa nayo.

Chukua mstari wa kati. Wangekuwa wawili, kila mmoja angeshika ncha ya uzi na mambo yangekwisha. Yeye hupigilia msumari upande mmoja wa gogo, akafunga uzi na kuupaka masizi, kisha akaupitisha juu hadi upande wa pili na kuuning'inizia jiwe. Jiwe huvuta bila kuchoka. Anarudi katikati, anauinua uzi wima kwa vidole viwili, anauachia. Uzi ukiinuliwa kwa kuegemea kando hata kidogo, mstari nao hupotoka, kwa hiyo huinama kwanza akafumba jicho moja kuutazama. Ukipigwa vizuri, unabaki mstari mweusi kutoka tezi hadi omo.

Kuligeuza gogo ndiko kunakohitaji subira. Limelala juu ya miti miwili, na kila upande limekazwa kabari lisibingirike. Fundi husukumiza wenzo chini yake, akaulemea kwa uzito wa mwili, gogo likainuka unene wa kidole. Hapo hapo mguu wake unaisogeza kabari ijaze pengo. Anapumua, anarudia. Kila alichokipata kimeshafungwa, hakuna cha kumponyoka. Nimeona vijana wenye misuli wakitaka kulipindua kwa mkupuo mmoja. Kwa mtu aliye peke yake hiyo ni njia ya kuvunjwa mguu.

Mashamba ya Wapokomo kandokando ya Tana yana miembe mingi, nayo mti wa mwembe ni laini kwa tezo na shina lake hunenepa vya kutosha. Haudumu kama mti mgumu, na hupasuka upesi ukikaushwa na jua la huku. Ncha za gogo hukauka kabla ya ubavu, na ufa huanzia huko. Basi ncha hukandikwa tope, na kazi ikilala hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa.

Sehemu ninayoiheshimu kuliko zote ni unene wa ubavu. Nje huchongwa kwanza, ndani baadaye, na mtu aliyeinama ndani ya mtumbwi haoni upande wa pili. Ili kuujua unene huo, mafundi wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika walitoboa vishimo vya kina kimoja kutoka nje na kuviziba kwa vijiti. Tezo ikikifikia kijiti kutoka ndani, inatosha. Vishimo vya namna hiyo vimeonekana pia kwenye mitumbwi ya kale iliyofukuliwa Ulaya. Mzee niliyemtazama hatumii vijiti. Huweka kiganja kimoja ndani na kingine nje, akaviteremsha pamoja polepole kuelekea chini, kisha akagonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Panapotoa sauti nzito pana mti wa kuondoa bado. Sauti ikianza kuwa nyepesi, anaacha shoka, anashika tezo, na maranda yanayodondoka yanakuwa membamba kama maganda ya kitunguu.

Umakini huu wote una sababu. Tana ina urefu wa takriban kilomita 1,000 na hufurika, kama ilivyofanya wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, mwishoni mwa 2023, tena Aprili na Mei 2024. Maji yakimeza njia, mtumbwi ndio unaobeba mgonjwa, ndizi na mbegu za mpunga. Ubavu uliochongwa kupita kiasi hupasuka kwa kugonga kisiki mara moja tu.

Mwisho ni mizani. Mtumbwi hushushwa majini mtupu, fundi akabaki ukingoni. Ukilalia upande, anatia alama ya mkaa mahali maji yalipofika kila ubavu, na tofauti ya alama hizo mbili inamwonyesha wapi pa kupunguza. Unavutwa tena nchi kavu, tezo inarudi kazini, na ndipo upondo unapoanza kutafutwa.