Kazi Ipi Tuishike? Maoni Juu ya Uchaguzi wa Mtunzi

Uhakiki wetu umezoea kumngoja mtunzi amalize. Kitabu kikishachapwa ndipo tunapokitia mizanini: dhamira yake ni ipi, wahusika wamejengwa vipi, lugha imemtii mwandishi au imemshinda. Lakini iko hukumu moja inayozitangulia hizo zote, nayo hutolewa na mtunzi mwenyewe akiwa peke yake: katika mawazo mengi aliyo nayo, alishike lipi mpaka liwe kitabu? Walimu wengi wa Kiswahili wenye ari ya kutunga hukwama hapa. Riwaya imefika sura ya tatu, tamthilia ina onyesho moja, daftari la ngano limejaa nusu. Miaka yapita, na hakuna hata moja iliyomfikia msomaji. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hawakutuambia ni ipi tuiachilie, na hilo ndilo tunalotaka kulijadili.

Maoni yetu ni haya: mtunzi aishike kwanza ile kazi ambayo sauti yake imekwisha kukaa masikioni mwake. Ukubwa wa wazo na heshima ya utanzu vifuate nyuma.

Tumtazame jirani yetu, Okot p'Bitek wa Acholi. Mwaka 1953 alitoa riwaya kwa Kiacholi, Lak Tar, juu ya kijana aliyekwenda mbali kutafuta mahari akarudi mikono mitupu. Njia ya riwaya ilikuwa wazi mbele yake, lakini kazi iliyomjengea jina ilikuwa wimbo. Song of Lawino ilichapwa kwa Kiingereza mwaka 1966, na Kiacholi chake, Wer pa Lawino, kikafuata mwaka 1969. Kwa nini Lawino amesikika mbali kuliko kijana yule wa kwanza? Kwetu sisi, jibu limo katika fani. Riwaya ilimtaka Okot abuni msimulizi. Wimbo ulimpa mwimbaji aliyekuwapo tayari, kwani kusifu, kulalama na kukejeli mbele ya watu ni mambo yaliyokuwa hai katika nyimbo za Waacholi. Naye nyimbo hizo alizijua kwa undani. Mwaka 1974 alitoa mkusanyo wake, Horn of My Love. Ndiyo maana malalamiko ya Lawino kwa mumewe yaliweza kuvuka mipaka ya lugha bila kupoteza makali: mwaka 1975 wasomaji wa Kiswahili waliyapata katika Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa.

Mfano wa pili wahusu kudumu katika kile kilichochaguliwa. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Mtu mwenye shughuli kama zake angetosheka na sifa ya kuwa ameifanya. Yeye aliirudia, akaisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969. Mwaka huohuo alitoa Mabepari wa Venisi, na neno hilo "mabepari", mahali ambapo "wafanyabiashara" lingetosha, latuonyesha mfasiri anayepima na kuamua, wala si mnakili. Twajifunza kwamba kuishika kazi si kuianza kwa shangwe. Ni kuirudia wakati shangwe imekwisha.

Huenda msomaji akapinga: ikiwa kila mtunzi atafuata sauti aliyoizoea, fasihi itapiga hatua lini? Atatutajia Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, diwani ya mwaka 1974 iliyoacha vina na mizani ikazua ubishi mkubwa. Hoja ni nzito, lakini tutenganishe sauti na kanuni. Alichokiacha Kezilahabi ni kanuni za umbo. Sauti aliyoitumia ilikuwa ya Kiswahili cha kila siku, na hiyo hakuibuni.

Sasa tulete kipimo hiki nyumbani. Sisi tunaofundisha huku Dadamu, jirani na mji wa Arua, tumo katika hali ya pekee. Kiswahili kilienea West Nile kwa njia ya jeshi, kwani vijana wengi wa huku waliandikishwa katika King's African Rifles. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 Katiba ikakipa nafasi ya lugha rasmi ya pili. Na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Hata hivyo, kwa Waganda wengi bado kinasikika kama sauti ya askari, na mwanafunzi wetu akifungua kitabu hukuta bahari na minazi, asiuone mto Enyau. Pengo hili halitazibwa na amri ya serikali. Litazibwa na watunzi.

Je, tuanze na riwaya ya ukoo wa Walugbara? Tukumbuke kwamba ugomvi wa nyumbani huku ni wa Kilugbara. Tukiwagombanisha mume na mke kwa Kiswahili sanifu, watasema kama vitabu vya sarufi. Ngano za Jaki na Dribidu, mashujaa wa asili wa Walugbara, zaweza kuandikwa, na tuziandike daftarini mapema wazee wangali hai. Ila hiyo ni akiba. Kazi ya kushika kwanza, kwa maoni yetu, ni tamthilia ya sokoni. Hapo Mlugbara, Mkakwa na mchuuzi kutoka Kongo hukutana, na Kiswahili huwa daraja la kweli baina yao, chenye utani, hila na bei zinazopandishwa na kushushwa. Fani imo, mgogoro umo, wasemaji wamo.

Hatari itakuwa kalamu nyekundu. Mwalimu akisahihisha kila kauli ya mchuuzi mpaka ilingane na ya darasani, atakuwa ameiua sauti ileile iliyompa sababu ya kuandika. Mhusika aachwe aseme kama asemavyo. Usanifu ukae katika maelekezo ya jukwaani na katika maswali tutakayowauliza wanafunzi baadaye.

Ndugu walimu, kazi nyingine zisitupwe, zifungiwe sandukuni zingoje zamu yake. Hii moja iandikwe mpaka onyesho la mwisho, ichezwe na wanafunzi, irekebishwe, ichezwe tena. Hapo ndipo wahakiki watakapokuwa na kitu cha kuhakiki.