Mkutubi Hodari Hujulikana kwa Utafutaji Wake

Wasomaji wengi wa mapitio ya kimfumo hukimbilia hitimisho. Mjuzi huanza na utafutaji, kwa sababu utafiti ulioachwa hapo hauokolewi na hesabu yoyote inayofuata. Hapo ndipo mkono wa mkutubi wa chuo unapoonekana, awe Busitema upande wa Uganda au Alupe upande wa Kenya. Ukiletewa mapitio uyapime, kagua mambo haya.

Swali. Mkutubi mzuri hapokei ombi la "nitafutie habari za minyoo shuleni" akaondoka nalo. Humbana mtafiti: watoto wa umri gani, dawa ipi, inalinganishwa na nini, matokeo yepi yanapimwa? Majibu huingia kwenye itifaki, na itifaki husajiliwa mapema, kwa mfano katika sajili ya PROSPERO. Vigezo vikibadilika njiani bila maelezo, shuku.

Maneno. Omba mkakati wa utafutaji mstari kwa mstari. Mstari wenye "deworming" peke yake ni dhaifu. Uliokomaa una "deworm*", kinyota kikinasa miisho yote. Una "de-worm" yenye kistari. Una "anthelmintic" na "anthelminthic", kwa kuwa majarida hutumia tahajia zote mbili. Una majina ya dawa kama albendazole. Kisha una vichwa vya mada vya MeSH. Visawe huunganishwa kwa OR, dhana kwa AND. Jihadhari na AND ya mahali. Busia ni kaunti Kenya na ni wilaya Uganda, na muhtasari wa makala waweza kusema "magharibi mwa Kenya" tu. Anayelazimisha jina la Busia huzipoteza makala za namna hiyo.

Mahali pa kutafuta. Hapa Busia yenyewe inatupa kipimo. Mwaka 2004 Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha utafiti wa dawa za minyoo katika shule 75 za Budalang'i na Funyula. Ulitoka Econometrica, jarida la uchumi. Anayeishia kwenye hifadhidata za tiba anaweza kuupita, kwa hiyo mada ya aina hii inadai hifadhidata ya uchumi ya EconLit pia. Mapitio ya Cochrane ya 2015 yaliujumuisha miongoni mwa majaribio 45. Mwaka huohuo uchambuzi mpya wa data zake ulichapishwa katika International Journal of Epidemiology na kuzua mjadala mkali. Mkutubi makini hufuatilia nani amenukuu utafiti, nani ameusahihisha, nani ameupinga.

Tororo, upande wa Uganda, inafundisha jingine. Shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa malale na nagana, EATRO, lilikuwa na makao huko, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 taasisi ikabadilishwa jina. Ripoti zake za mwaka si makala za majarida. Mtu asiyejua majina ya zamani, au asiyepiga simu maktaba ya taasisi, hatazipata.

Nakala. Kuondoa rekodi zilizojirudia kunahitaji jicho. Kundi la washiriki wa utafiti wa malaria wa PRISM huko Nagongera, Tororo, lililoanza 2011, limezaa makala nyingi. Rekodi ileile ikitokea katika hifadhidata mbili, nakala moja hufutwa. Makala mbili tofauti za kundi moja hubaki zote, ila huwekwa alama ili watoto walewale wasihesabiwe mara mbili.

Kumbukumbu. Mwongozo wa kuripoti utafutaji, PRISMA-S wa 2021, una vipengele 16. Unadai jina la kila hifadhidata na jukwaa lake, tarehe ya utafutaji, vichujio vilivyotumika na mkakati mzima kama ulivyoandikwa. Nakili mkakati huo, uuendeshe mwenyewe. Idadi ya matokeo ikipishana mno na iliyoripotiwa, pana kasoro. Angalia pia kama mkutubi wa pili aliukagua kwa PRESS, orodha ya kukagua mikakati ya utafutaji, kabla haujatumika, na kama aliyeutunga ametajwa. Kazi ya wiki kadhaa isiyo na jina lake ni dhuluma, na humnyima msomaji mtu wa kumuuliza.

Mapitio yasiyoambatanisha mkakati wake kamili yarudishe kwa waandishi, hata kama hitimisho lake limekupendeza.