Kidole Gumba na Mashine

Mpiga nyatiti, kinubi cha Waluo, hufanya kazi ya watu wanne akiwa ameketi. Vidole vya mikono miwili vinazicheza nyuzi nane, koo inasimulia, njuga za mguuni zinachakarika, na kidole gumba cha mguu wa kulia, kilichovishwa pete nzito ya chuma iitwayo oduong'o, kinagonga ukingo wa ala bila kupumzika. Ala yenyewe imelazwa ubavu, mwenyewe yuko juu ya kigoda kifupi, mgongo ameuinamisha. Watu husifu mikono, maana mikono ndiyo inayoonekana kuhangaika. Mimi nausifu mguu. Mguu ndio unaowaamuru watu wainuke wacheze, na mguu huohuo ndio uliowakalisha chini wanamuziki wa London mwaka 2009, wakatoka pale wakiwa bendi ambayo wasingeweza kuipanga wenyewe.

Huku kwetu Karungu, kando ya Ziwa Victoria, hatuendi mbali kuitafuta nyatiti. Hata nyuzi zake zinauzwa Sori. Zamani zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni ileile ya kuvulia, na fundi wa ala husimama kwenye kaunta moja na mvuvi wa mbuta, kila mmoja akiupima unene wa uzi kwa ncha za vidole. Mvuvi anauliza utabeba kilo ngapi. Fundi anataka kujua ukivutwa utasema nini. Nyuzi nane hugawanywa nne kwa nne, kila mkono na zake, juu ya ngozi ya ng'ombe iliyowambwa kwenye mti uliochongwa tumbo. Halafu kuna daraja la matete lililogandishwa kwa nta ya nyuki, na hapo ndipo ulipo ustadi ninaoupenda kuliko wote: uzi hautakiwi kutoa sauti safi. Ukitetema unaligusa tete, na sauti inatoka na mkwaruzo, na mkwaruzo huo ndio unaoifikisha kwa watu mia waliokaa uani bila kipaza sauti. Wapiga gitaa wa ng'ambo walitengenezewa vifaa vya umeme ili waupate mkwaruzo wa aina hiyo. Nta na tete vilikuwa vimeshautoa.

Ugumu uko kwenye mapigo. Mgeni akiisikia nyatiti mara ya kwanza huanza kuhesabu kutoka mahali pasipo. Anazifuata nyuzi, kwa sababu nyuzi ndizo zenye wimbo, na baada ya muda anajikuta amepotea, kwa kuwa kidole gumba kina hesabu yake. Mara pete na uzi vinaangukia pamoja, mara uzi unatangulia kidogo, mara unachelewa makusudi. Mpigaji hodari huuacha mpishano huo udumu mpaka mwili wa msikilizaji uchoke kubishana, ukubali. Ndipo mabega yanapoanza kwenda. Ustadi huu haufundishwi kwa kuandikwa. Mwanafunzi hukaa miaka kando ya mtu anayeujua.

Gitaa la benga, muziki wa densi wa Waluo, liliurithi ustadi huo. D. O. Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 upande wa Shirati, Tanzania, na kufariki mwaka 2006, alizipiga nyuzi za umeme kwa tabia ya nyuzi za nyatiti: gitaa linatembea mbele ya mwimbaji, linamjibu, kisha linamwacha na kukimbia peke yake. Kutoka Karungu hadi Shirati ni ziwa lilelile, na mpaka uliochorwa katikati haukuwahi kuuzuia muziki kuvuka. Kwa hiyo sisi wa ghuba hii, tukiwa na vilima vya Gwassi upande wa Homa Bay na machimbo ya Macalder upande wa Migori, tulikua tukidhani kwamba benga ni ya nyumbani, na tulidhani sawa.

Wala umeme haukutushtua. Ohangla ilikuwa ngoma za ngozi ya kenge zilizopangwa kwa safu, zikapigwa kwa vijiti. Leo kinanda cha umeme kimeingia katikati, kinatoa besi, kinatoa filimbi, na Tony Nyadundo na ndugu yake Jack wamewachezesha watu kwa mchanganyiko huo kutoka Kisumu hadi Nairobi. Anayetaka kujua kama Waluo wana muziki wa densi wa kielektroniki, na afike kwenye matanga usiku, spika zikiwa zimerundikwa hadi usawa wa paa na jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba. Viongozi wamepiga marufuku disko matanga mara kadhaa, na nawaelewa, kwa sababu mambo mabaya huwapata vijana gizani. Lakini kumuaga marehemu kwa mdundo mkubwa ni jambo tuliloanza nalo kabla ya jenereta. Nyatiti ilikuwa ala ya matanga.

Tuna pia majigambo, ambayo Waluo huyaita pakruok. Muziki umekolea, mtu anasimama, anaunyosha mkono, anatoa hela, na mpigaji anakatiza wimbo papo hapo. Mwenye hela anajisifu: yeye ni mwana wa nani, amekula wapi, ameogopwa na nani, rafiki yake aliyeketi pale ana sifa gani. Akimaliza, muziki unarudi pale ulipokatwa. Agosti 1973, kule Bronx mjini New York, dijei Kool Herc alikuwa akizishika santuri mahali ambapo ngoma inabaki peke yake, akairefusha sehemu hiyo ili watu wacheze, na juu yake yakamiminwa maneno ya kujitapa. Sisemi kwamba mmoja alimwiga mwingine. Nasema mtoto wa Nyanza aliyesikia hip hop hakuhitaji kuelezwa kwa nini mtu anajisifu hadharani juu ya mdundo. Gidi Gidi Maji Maji walipotoa “Unbwogable” mwaka 2002, Kenya nzima iliimba majigambo ya Kiluo, na wanasiasa wa muungano wa NARC wakayabeba hadi kwenye kampeni.

Uingereza ilipitia njia yake. Spika kubwa zililetwa na wahamiaji kutoka Jamaika, hip hop ikatoka Marekani, mashine za ngoma zikaingia kwenye maghala na vilabu, na kufikia mwaka 1991 kundi la Massive Attack la Bristol lilikuwa limevipika vyote hivyo ndani ya albamu ya “Blue Lines”. Huo ndio udongo ulioiotesha Owiny Sigoma Band, bendi niliyoigusia mwanzoni.

Bendi hii ilianzia Nairobi mwaka 2009. Kutoka London walikuja ndugu wawili, Jesse Hackett wa vinanda na Louis Hackett wa besi, pamoja na Sam Lewis, Chris Morphitis na mpiga ngoma Tom Skinner. Upande wa wenyeji walikuwepo Joseph Nyamungu, bingwa wa nyatiti, na Charles Owoko wa ngoma. Skinner leo anajulikana duniani kwa kupiga na Sons of Kemet na The Smile, lakini wakati ule hakuna aliyemjua huku, naye hakuwa na neno hata moja la Kiluo. Lugha iliyobaki ilikuwa pete ya Nyamungu.

Nimezisikiliza rekodi zao kwa makini ya mtu anayetafuta kosa. Wageni wengi wakiishika ala yetu huitandikia zulia: ngoma inanyooka, kila pigo linaangukia panapotarajiwa, halafu nyatiti inapambwa juu kwa ajili ya urembo. Owiny Sigoma walikwenda kinyume. Nyatiti imekaa chini, kwenye msingi, na wengine wote wanatafuta mahali palipobaki wazi. Besi ya Louis inazifuata nyuzi nene kwa hatua fupi, hairukiruki. Ngoma ya Skinner inaiacha pete iseme, kisha inaingia kwenye mwanya ambao pete imeuacha. Kinanda kinashika sauti moja ndefu, na kwa muda mrefu hakifanyi kingine. Mpiga kinanda wa London, aliyefunzwa kwamba thamani yake iko kwenye kile anachokiongeza, anahitaji ujasiri mkubwa ili aishikilie sauti moja huku mzee akiimba. Ujasiri huo ni ufundi. Nauhesabu sawa na ule wa vidole.

Gilles Peterson, mtangazaji na mtu mwenye sikio lisilodanganyika kirahisi, aliwachukua kwenye lebo yake ya Brownswood, na albamu ya kwanza ikatoka mwaka 2011. Vilabu vya London vikaanza kucheza nyimbo za Kiluo saa nane za usiku. Mwaka 2013 ikafuata “Power Punch”, na mwaka 2015 ya tatu, “Nyanza”, ambayo iliwatoa Nairobi na kuwaleta magharibi, kwenye nchi ya muziki wenyewe. Mimi naiona hiyo ya tatu kuwa kubwa kuliko zote. Humo mashine zimeongezeka, mwangwi umejaa, vinanda vinakwaruza vibaya, na nyimbo kama “Changaa Attack” na “Nairobi (Too Hot)” zingeweza kumtisha mpenzi wa nyatiti ya zamani. Mimi hazikunitisha. Mkwaruzo wa umeme na mkwaruzo wa tete imekutana pale, na ukifumba macho unashindwa kusema upi umetoka kwenye nta na upi kwenye waya.

Kuhusu jina pia niseme. Owiny Sigoma ni jina la shujaa wa mapokeo ya Waluo, wa upande wa Alego. Kundi la Waingereza watano na Waluo wawili, lenye makao na soko London, lilikubali kwenda duniani kwa jina hilo.

Jambo hilo linanigusa kwa sababu ya historia ya hapa. Karungu ilijulikana London mapema sana, kwa sababu ya mifupa. Kwenye miamba yetu yalipatikana mabaki ya jamaa wa tembo wa kale sana, mwenye pembe zilizopinda kuelekea chini, na mwaka 1911 wataalamu walimpa jina la kumkumbuka C. W. Hobley, afisa wa serikali ya kikoloni. Mwaka huohuo Felix Oswald, mwanajiolojia, alitumwa na British Museum kuja kuchimba zaidi, akaandika kitabu kuhusu safari hiyo, na masanduku yakaenda zake. Mnyama wa Karungu akawa na jina la Mwingereza. Miaka mia baadaye, Waingereza wakavaa jina la Mluo.

Sauti inaweza kuchukuliwa vilevile kama mifupa. Wimbo wa “Kothbiro” ulitungwa na James Mbarack Achieng na kupigwa na kundi la Black Savage miaka ya 1970. Ayub Ogada, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1956, aliyekuwa mmoja wa kundi hilo, aliubeba hadi Uingereza, ambako alikuwa amepiga nyatiti kwa wapita njia kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi. Real World, lebo ya Peter Gabriel, ikamrekodi, na albamu ya “En Mana Kuoyo” ikatoka mwaka 1993. Filamu ya “The Constant Gardener” ya mwaka 2005 ikaupeleka wimbo huo kwa mamilioni. Kisha mwaka 2018 Kanye West akakinyofoa kipande cha rekodi ile ya Black Savage na kukifanya uti wa mgongo wa “Yikes”. Ogada alifariki mwaka uliofuata.

Kunyofoa kipande nako ni kazi ya ufundi, na hip hop yote imejengwa hivyo, sitaki kuidharau. Lakini kipande kilichonyofolewa hakiwezi kukukatalia. Unakikata unapotaka, unakirudia mara mia, unakiharakisha, nacho kinatii. Nyamungu akiwa chumbani hatii hivyo. Akiona mpiga ngoma amekosea anaendelea kugonga mpaka mwenzake ajirekebishe, na akimwona mtu wa kusifiwa anageuza maneno katikati ya wimbo, na bendi nzima lazima igeuke naye. Wale wa London walijifunza kugeuka. Ndicho walichokipata Kenya ambacho hakuna mashine ingewapa, na ndiyo sababu, nadhani, walizidi kuwa wakali kutoka albamu hadi albamu, wakati ambapo bendi nyingi za mchanganyiko huishiwa baada ya ile ya kwanza.

Njia hiyo imefuatwa na wengine. Olith Ratego ameimba na Mjerumani Sven Kacirek kwa jina la Odd Okoddo. Labdi Ommes amelishika zeze la orutu, ala iliyokuwa ya wanaume peke yao, na kulifikisha kwenye majukwaa ambako dijei anamngoja. Eriko Mukoyama, Mjapani anayejulikana kama Anyango, alikwenda Siaya kufundishwa nyatiti na wazee, na wazee wakamfundisha.

Ninachokitamani sasa kiko karibu zaidi. Wapiga ohangla wa Nyatike na Karungu wanatumia vinanda vyenye mdundo uliowekwa na kiwanda, mdundo ulionyooka, unaoanza ukibonyeza na kukoma ukibonyeza. Nataka mmoja wao auzime. Amkalishe mpiga nyatiti, aweke maikrofoni ya kwanza kwenye kidole gumba, ya pili kwenye nyuzi, na ya mwimbaji iwe ya mwisho. Kompyuta isiruhusiwe kuyanyoosha mapigo. Ngoma za kenge ziingie pale pete inapoacha nafasi, besi ya kinanda izifuate nyuzi nene, na mwenye majigambo aruhusiwe kusimamisha kila kitu, mashine zikiwemo. Studio zipo Migori mjini, spika tunazo kupita kiasi, na wazee wanaoijua hesabu ya pete bado wapo, baadhi yao kwa umbali wa nauli ya bodaboda.