Kununua kwa Sarafu za Mtandao kupitia Pesa za Simu: Uhakiki wa Hoja Mbili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baad.

Tuchukue mfano wa kijana aliyeko Muscat. Ana Bitcoin, au USDT inayofungamanishwa na dola, na anataka mama yake aliyeko Wete apate matumizi. Anamuuzia sarafu hiyo mtu mwenye shilingi, na mtu huyo anaziingiza shilingi katika simu ya mama. Mama anakwenda dukani, analipa kwa simu, anachukua unga na mafuta. Je, nini hukumu ya muamala huu?

Hoja mbili zimeenea. Ya kwanza inasema yote ni haramu, kwa kuwa sarafu hii haionekani wala haishikiki. Ya pili inasema yote ni halali, kwa kuwa asili ya miamala ni kuruhusiwa. Tumezipima hoja hizi na tumeziona zote mbili zina upungufu, kwani zimetoa hukumu kabla ya kulichora jambo lenyewe lilivyo.

Hakika ya muamala

Hapa pana mikataba miwili. Wa kwanza ni kubadilisha sarafu kwa shilingi, na wa pili ni kununua unga kwa shilingi. Pesa za simu, zilizoanza Tanzania mwaka 2008, si sarafu nyingine. Ni shilingi zilezile, na kiasi chake huwekwa benki. Kwa hiyo muuza duka hakupokea Bitcoin, na biashara yake ni sahihi. Hata Kenya, ambako kampuni ya BitPesa, iliyoanzishwa mwaka 2013, ilibadilisha Bitcoin kuwa pesa za simu, mpokeaji alipata shilingi. Basi mwenye kumwambia muuza duka wetu kwamba amekula haramu, amemdhulumu. Suala limo katika ule mkataba wa kwanza.

Hoja ya kwanza

Kutoonekana peke yake si illa. Mwaka 1984 katika Mtambwe Mkuu, hapa hapa Pemba, zilichimbuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa pwani hii, pamoja na dinari za dhahabu zikiwemo za Mafatimi wa Misri. Baadaye wazee wetu walitumia reale, kisha rupia, na leo tunatumia karatasi. Imam Malik alizungumzia hata ngozi: watu wakizifanya sarafu, alichukia ziuzwe kwa dhahabu na fedha kwa kucheleweshana. Basi maulamaa waliangalia watu wanakitumiaje kitu, hawakuangalia uzito wake mkononi.

Hoja ya pili

Wenye hoja hii huegemea kauli mashuhuri ya madhehebu yetu ya Shafi kwamba fulusi, yaani sarafu za shaba, hazina riba hata zikienea, kwa kuwa illa ni uthamani wa dhahabu na fedha tu. Kauli hiyo imo vitabuni, hatuikanushi. Lakini anayeishika hapa inamlazimu aseme pia kwamba noti zetu hazina riba wala zaka. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliamua Amman mwaka 1986 kuwa noti zina uthamani kamili na zina hukumu za dhahabu na fedha. Mtu hawezi kuukubali msingi huo kwa noti, kisha akaukimbia kwa kitu anachokitumia yeye mwenyewe kama pesa.

Yanayolazimu

Kwa hiyo mwenye kuitumia kama pesa anafanya sarf, na hadithi ya Ubada bin Samit (R.A.) inashurutisha makabidhiano ya papo kwa papo jinsi zinapotofautiana. Kuingia pesa katika akaunti ni makabidhiano ya kihukumu, kama Majmaa ilivyopitisha Jeddah mwaka 1990, na simu tunaipima kwa hayo. Ama kutuma shilingi asubuhi na kuachiwa sarafu jioni, hiyo ni nasia.

Lililo zito zaidi ni deni. Novemba 2021 Bitcoin moja ilipita dola 67,000, na Novemba 2022 ikawa chini ya dola 17,000. Mke aliyeahidiwa mahari ya baadaye kwa sarafu hii amebakiwa na robo ya haki yake. Na bei ikipanda, anayeumia ni mdaiwa. Kipimo cha namna hii hakifai kwa daftari la duka wala kwa mahari.

Amri ya mwenye mamlaka

Imam Nawawi ametaja katika al-Majmuu kuwa ni karaha kwa asiyekuwa Imam kupiga dirhamu na dinari hata zikiwa safi, kwa kuwa hilo ni jambo la Imam. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba shilingi pekee ndiyo fedha halali nchini na kwamba sarafu za mtandao hazitambuliwi. Mwaka 2021 Rais Samia aliitaka Benki hiyo ijiandae kwa sarafu hizi, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Wapo wanaodhani kodi ni ruhusa. Kodi juu ya mali haikuifanya mali hiyo kuwa fedha ya nchi.

Wanazuoni wa zama zetu wamekhitilafiana. Baraza la Maulamaa la Indonesia mwaka 2021 liliharamisha kuitumia kama fedha, na likaruhusu kuiuza kama bidhaa kwa masharti. Majmaa yenyewe ilipokutana Dubai mwaka 2019 iliona suala linahitaji utafiti zaidi.

Tunaloliona ni kwamba isifanywe pesa ya matumizi ya kila siku, na deni, mahari na mishahara viandikwe kwa shilingi. Aliye nayo na akataka kuitoa, aibadilishe papo kwa papo, kwa bei inayojulikana, na aitolee zaka. Ama yule mama wa Wete, aliyepokea shilingi na kununua unga, maimamu wasimtie wasiwasi katika chakula chake.

Wallahu a'alam.